TATA SIMON KIMBANGU, MTU WA SALA NA WA NENO



Mwezi wa Oktoba ukikaribia, kila mwaka tunajitayarisha kwa tarehe 12, siku ambayo Tata Simon Kimbangu alifariki katika mji wa Elisabethville, unaoitwa leo Lubumbashi, mwaka wa 1951. Katika siku hizo tunapenda kusimuliana mambo makubwa: wagonjwa waliopona, vilema waliosimama, watu waliotupa dawa zao za uchawi njiani. Ni vema kuyasimulia. Lakini sisi tunaoandika ukurasa huu tulikaa pamoja jioni moja, tukahesabu miezi, na hesabu hiyo ilitunyamazisha. Kazi ya Tata mbele ya watu ilianza tarehe 6 Aprili 1921 na kwisha tarehe 12 Septemba mwaka uleule. Ni miezi mitano na siku chache. Gereza lake lilikuwa miaka thelathini na mwezi mmoja. Kwa kila mwezi mmoja wa mkutano, Tata aliishi karibu miezi sabini ya gereza.

Nasi, katika mahubiri yetu, tunafanya kinyume. Miezi mitano tunaisimulia saa tatu nzima, na ile miaka thelathini tunaipita kwa neno moja kama mtu anayeruka kijito. Kwa hiyo leo tutaandika maisha yake tukiyatazama kwa upande mmoja, upande wa sala ya kila siku na wa Neno lililosomwa na kufikiriwa, kwa maana hapo ndipo miezi ile na miaka ile inaungana.

Tata alizaliwa Nkamba, kijiji kilicho juu ya kilima katika nchi ya Wakongo, upande wa Bas-Congo, ambao sasa ni jimbo la Kongo-Central. Kanisa letu hushika tarehe 12 Septemba 1887. Vitabu vingine vinaandika 1889, nasi hatuna ugomvi na vitabu hivyo. Baba yake aliitwa Kuyela na mama yake Luezi. Walifariki angali mdogo, akalelewa na Mama Kinzembo wa jamaa yake. Wazee wetu husimulia kwamba Mama Kinzembo huyo ndiye aliyemhifadhi Mzungu mmoja wa misioni, jina lake Cameron, siku alipofukuzwa na watu waliotaka kumdhuru, na kwamba Mzungu yule aliiombea baraka nyumba iliyompokea.

Tunaomba mtazame kidogo mahali alipokulia, kwa sababu mara nyingi tunapasahau. Karibu na Nkamba ilikuwako misioni ya Wabatisti wa Uingereza, Ngombe-Lutete. Huko alifanya kazi Mzungu aitwaye Bentley pamoja na kijana Mkongo aitwaye Nlemvo, nao wawili, wakiketi meza moja miaka mingi, waliandika Agano Jipya kwa Kikongo. Lilitoka mwaka wa 1893. Biblia nzima kwa Kikongo ilitoka kwa mkono wa misioni ya Waswidi mwaka wa 1905. Maana yake ni hii: Tata alipofika umri wa kujifunza kusoma, Neno lilikuwa limekwisha kuingia katika lugha ya mama yake. Hakulisikia kama maneno ya wageni. Alilisikia kama mtu anavyosikia wazee wa nyumbani wakizungumza motoni. Hata hapa kwetu wamisionari wa chama hichohicho walifika Yakusu, kilomita chache tu chini ya mji wetu, wakaandika Neno kwa Kilokele. Na wale ambao nyanya zao walikuwa Walokele wanajua jinsi andiko linavyoshika moyo likisomwa kwa lugha ya nyanya.

Katika shule za misioni za siku zile watoto walijifunza kusoma katika kitabu cha Mungu. Kitabu kilikuwa kimoja na watu walikuwa wengi. Mmoja alisoma, wengine wakarudia, mpaka neno likakaa kichwani. Hivyo aliyeweza kusoma na asiyeweza waliondoka wote wamebeba kitu. Shikeni jambo hili, tutalirudia mbele.

Tata alioa Mama Mwilu Marie, na wote wawili walibatizwa katika maji siku moja, tarehe 4 Julai 1915, huko Ngombe-Lutete. Walizaa wana watatu: Kisolokele mwaka wa 1914, Dialungana mwaka wa 1916, na Diangienda mwaka wa 1918. Akawa mtu wa kufundisha Injili kijijini, mkulima kama majirani zake, mtu wa kukusanya watu asubuhi na jioni, kusoma, kueleza, kuomba. Hakuna aliyeandika habari zake katika miaka hiyo, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kushangaza. Sisi tunasema miaka hiyo ilikuwa kuni, na kuni hukauka polepole.

Hata mwaka wa 1918, wakati homa kubwa ilipopita dunia nzima na kuzika watu wengi katika vijiji vya Kongo, Tata akasikia katika usiku sauti ya Kristo ikimwita kulichunga kundi lake. Akakataa. Alijiona si mtu wa elimu, na walikuwako wachungaji waliojua kuliko yeye. Wito ukarudi, naye akakataa tena, na mwishowe akaondoka kwake akaenda Kinshasa kutafuta kazi kwa Wazungu. Alipata kazi katika kampuni ya mafuta ya mawese, lakini wito ulimfuata hata kule. Tukisoma kitabu cha nabii Yona sura ya kwanza tunamtambua mara moja. Yona alilipa nauli ya merikebu, Tata alikwenda mjini; safari ilikuwa moja. Na kuna faraja hapa kwa ninyi mnaosali miaka mingi na bado mnamwambia Mungu atume mwingine. Basi akarudi Nkamba, akalima shamba lake.

Siku ya Jumatano, tarehe 6 Aprili 1921, alipokuwa katika kijiji cha Ngombe-Kinsuka, alisukumwa kuingia katika nyumba ya mwanamke mgonjwa aitwaye Kiantondo. Aliomba kwa jina la Yesu Kristo, akaweka mikono juu yake, naye akapona. Siku hiyo ndiyo mwanzo wa Kanisa letu, na toka mwaka wa 2023 serikali ya nchi yetu imeifanya sikukuu ya taifa zima, ofisi zote zinafungwa. Sisi tuliokuwa tukiomba ruhusa kazini kila 6 Aprili tunajua uzito wa jambo hili.

Habari ikaenea upesi. Watu wakaacha mashamba ya Wazungu, wakaacha hospitali, wakajaza gari la moshi la Matadi na Kinshasa, wakapanda kilima cha Nkamba kwa miguu wakiwabeba wagonjwa wao. Sasa, sikilizeni utaratibu wa Nkamba, maana hapo tumeona jambo ambalo wengi wetu hatulitii. Tata hakuanza na kuponya. Kwanza waliimba. Kisha Neno likasomwa. Kisha likaelezwa, watu wakaambiwa waache dawa za uchawi, wawe na mke mmoja, waache ngoma za uasherati, wapende hata adui. Kisha wakaomba. Ni baada ya hayo wagonjwa walipoletwa. Aliyekuja kwa ajili ya mguu wake alilazimika kupita kwanza katika andiko. Siku hizi kuna watu wanaofika kanisani kwetu masomo yakiwa yamekwisha, wanasimama mlangoni mpaka wakati wa kuombewa, wanaombewa, wanakwenda. Tungekuwa Nkamba mwaka wa 1921, watu hao wangengoja mpaka kesho.

Kuna tunda lingine la miezi ile ambalo hatulihubiri sana. Biblia na vitabu vya nyimbo vilikwisha katika misioni. Watu walivinunua mpaka akiba ikamalizika, na wamisionari hawakuwa na cha kuwapa. Mtu aliyetupa hirizi yake njiani alitaka kitu mkononi badala yake, naye alijua ni kitu gani. Kwa fikira yetu hii nayo ni ajabu ya Nkamba, tena si ndogo.

Tarehe 11 Mei 1921 alifika Nkamba msimamizi wa serikali ya Wabelgiji aliyekuwa Thysville, mji unaoitwa leo Mbanza-Ngungu. Jina lake Léon Morel. Alikuja kuona ni jambo gani hili linalotoa watu kazini. Watu wa Nkamba hawakuacha sala kwa ajili yake. Waliimba mbele yake, wakasali mbele yake, na andiko likasomwa, kisa cha Daudi na Goliathi. Sisi hatufikiri kwamba Tata alimchagulia Mzungu yule Goliathi kwa kumtukana. Kwa mtu aliyezoea kusoma kila siku, andiko lina desturi ya kuja lenyewe siku inapolihitaji. Lakini Morel aliona hatari, akaandika kwa wakubwa wake kwamba jambo hili lisimamishwe.

Tarehe 6 Juni akarudi na askari. Nkamba ikaporwa, risasi zikalia, watu wakatawanyika, na Tata akapita katikati yao bila kukamatwa. Miezi mitatu alikaa mafichoni, akisali na kufundisha watu wachache wachache usiku. Katika miezi hiyo aliwakataza watu wake kulipiza kisasi au kushika silaha. Naye angeweza kukimbia. Mpaka wa Angola haukuwa mbali. Hakukimbia. Tarehe 12 Septemba 1921 alirudi Nkamba mwenyewe, mchana, mbele ya watu, akangoja askari, kama Bwana alivyongoja katika bustani ya Gethsemane baada ya kuomba. Wakamfunga pamoja na wasaidizi wake.

Hukumu ilifanyika Thysville mbele ya tribinali ya askari, mkubwa wake akiwa komanda de Rossi. Tata hakupewa mtu wa kumtetea. Tarehe 3 Oktoba 1921 alihukumiwa fimbo 120 na kufa. Wasaidizi wake wengi walihukumiwa gereza la maisha. Mandombe, msichana aliyekuwa akihudumu naye, alipewa miaka miwili. Shitaka lilikuwa kuharibu usalama wa nchi. Katika nyumba ile ya hukumu hapakuonyeshwa bunduki hata moja iliyotoka mkononi mwa mtu wa Nkamba. Wamisionari Wabatisti waliomba kwa ajili yake, na katika Novemba mfalme Albert wa Ubelgiji akaibadili hukumu ya kufa kuwa gereza la maisha. Tata akatolewa katika nchi yake, akapelekwa mwisho mwingine wa Kongo, Katanga, mahali ambapo hakuna aliyejua Kikongo cha mama yake.

Sasa tumefika ng'ambo ya kijito ambacho kila mara tunakiruka.

Miaka thelathini na mwezi mmoja ni zaidi ya siku 10,900. Siku 10,900 za kuamka asubuhi bila kengele ya kanisa, bila kundi, bila mke, bila mtoto wa kusema amina. Wazee wetu husimulia kwamba alifungwa kwa miaka mingi katika chumba kidogo peke yake, na baadaye akafanya kazi katika jiko la gereza. Husimulia pia kwamba hakuacha sala yake, asubuhi na jioni. Danieli alifungua madirisha kuelekea Yerusalemu akapiga magoti mara tatu kwa siku; Tata hakuwa na dirisha la kufungua. Bwana Yesu katika Matayo sura ya sita anafundisha kuingia chumbani na kufunga mlango ili kuomba kwa siri. Kwa Tata wengine ndio waliofunga mlango, nao walidhani wamemfungia nje ya watu wake.

Mtu hawezi kuanza sala ya namna hiyo siku anapotupwa gerezani. Huko haiwezi kujifunzwa. Lazima awe ameiweka ndani yake zamani, kidogo kidogo, katika asubuhi zile za Ngombe-Lutete ambazo hakuna aliyeziandika. Neno lililorudiwa na kurudiwa katika shule ya kitabu kimoja ndilo lililokuwa chakula chake katika nyumba isiyo na kitabu.

Na tusidhani alikuwa peke yake katika shule hiyo, kwa maana hapa habari inafika kwetu, mtoni kwetu.

Wabelgiji walipoona kwamba kumfunga Tata hakukuzima moto, walianza kuwang'oa watu wake na kuwatupa mbali na nchi yao. Kanisa letu huhesabu jamaa 37,000 waliohamishwa toka 1921 mpaka 1959. Waandishi wa historia wengine wanahesabu wachache zaidi. Lakini hata hesabu iliyo ndogo kabisa ni watu wengi mno kung'olewa kwa sababu ya sala. Walipelekwa Oshwe, walipelekwa Ekafera, walipelekwa Kasaji. Na wengine walipelekwa huku, Lowa, juu ya Ubundu. Ninyi wa ng'ambo ya Lubunga mnaijua njia hiyo: masuwa ya mto toka Kinshasa mpaka hapa, zaidi ya kilomita 1,700, na mto unapovunjika katika maporomoko, kilomita 125 za gari la moshi mpaka Ubundu, iliyoitwa wakati ule Ponthierville, na baada yake tena Lualaba. Wakongo wa kando ya bahari, waliozoea vilima na majani mafupi, walishushwa katika msitu wetu wenye mvua, kati ya watu ambao lugha yao hawakuijua, chini ya macho ya askari.

Walikatazwa kukusanyika. Basi walisali usiku, wawili, watatu, kwa sauti ndogo. Aliyejua zaburi alimfundisha asiyeijua. Aliyejua mfano wa mpanzi aliutoa, mwingine akatoa habari za Paulo na Sila katika gereza la Filipi, nao wakaufikiri mfano huo siku nzima shambani huku jembe likienda, na usiku wakarudi kuambiana kila mtu alichokiona ndani yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa Biblia yao: vipande katika vichwa vya watu, wakiviunganisha gizani. Na kwa njia hiyo Wabelgiji, waliotaka kuifunga imani katika wilaya moja, wakaipanda wenyewe katika majimbo yote ya Kongo, tena kwa nauli ya serikali. Tunapocheka jambo hili tunacheka kwa heshima, maana wengi wao hawakurudi kwao kamwe.

Tuwaambie sasa jambo la aibu yetu wenyewe. Katika Juni ya mwaka wa 2000, toka tarehe 5 mpaka 10, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji huu wa Kisangani. Wenye umri wanakumbuka siku sita zile: makombora yakipita juu ya nyumba, maji hakuna, maiti barabarani, jamaa nzima chini ya kitanda kimoja. Mamia ya raia walikufa. Baadhi yetu tunaoandika hapa tulikuwa chini ya vitanda hivyo. Biblia zilikuwamo nyumbani, lakini nani angewasha taa? Tukaanza kuomba, na baada ya kuomba tulitaka andiko, zaburi moja tu, na ndipo tulipoona kwamba watu wazima waliobatizwa, waimbaji, wahudumu wenye miaka ishirini kanisani, hatukuweza kuifikisha hata moja mwisho. Mmoja alianza akakwama, mwingine akarukia nyingine, akakwama. Mwenye kutusaidia alikuwa nyanya mmoja asiyejua kusoma. Alikuwa nazo tano, nzima, na alitupa zote tano mara nyingi sana katika siku zile sita. Tulipomwuliza baadaye amezipata wapi, alituambia kwamba alizisikia utotoni kutoka kwa mzee mmoja wa Bas-Congo aliyeletwa kwa nguvu pande za Lowa.

Hatujui kueleza zaidi ya hapo. Tunaandika kama ilivyokuwa.

Turudi kwa Tata, maana wakati huohuo nyumbani kwake kulikuwa na gereza la namna nyingine. Mama Mwilu Marie alibaki upande wa Nkamba chini ya ulinzi, bila mume. Mtoto wake wa kwanza alipelekwa Boma, katika shule ya serikali, na wa mwisho pia alisomeshwa huko baadaye, chini ya macho ya wale waliomfunga baba yao. Watu walimwendea Mama kwa siri, naye aliwapokea, akaomba pamoja nao, akawarudisha usiku. Kanisa lote la maficho lilitegemea mwanamke huyo ambaye hakuwa na kitambulisho wala ofisi wala kiti. Alilishika kwa karibu miaka thelathini na minane, toka kufungwa kwa mume wake mpaka kufa kwake mwenyewe, tarehe 27 Aprili 1959. Wamama wetu wanaoamka saa kumi za usiku kusali kabla ya kupika sambusa na mikate ya kuuza wanaifuata njia yake, na tungependa wakumbuke hivyo siku wanapojiona wamechoka.

Tata alifariki siku ya Ijumaa, tarehe 12 Oktoba 1951, katika hospitali ya Elisabethville, akiwa bado mfungwa. Alizikwa huko Katanga. Miaka minane baadaye, tarehe 24 Desemba 1959, serikali ileile ilitambua Kanisa letu, kundi chini ya uongozi wa mwana wake wa mwisho, Diangienda. Mama Mwilu hakuiona siku hiyo, alikuwa ametangulia kwa miezi minane. Mwaka wa 1969 Kanisa lilipokewa katika Baraza la Makanisa la Dunia, na wajumbe wa mataifa makubwa walilazimika kujifunza kutamka jina la Nkamba.

Kabla ya hayo, Jumapili tarehe 3 Aprili 1960, mwili wa Tata ulirudishwa nyumbani. Ulitolewa Katanga, ukavuka Kongo nzima, ukapandishwa kilima kile ambacho aliteremshwa akiwa amefungwa mwaka wa 1921. Ilikuwa miezi mitatu kabla ya uhuru wa nchi. Katika njia za msitu wakati huo waliohamishwa walikuwa wakirudi nao pia, waliobaki hai, kwa masuwa na kwa gari la moshi, wakipita katika mji wetu. Wengine hawakupanda masuwa. Walikuwa wameoa huku, wamezaa huku, na Kiswahili chao kilikuwa kimekwisha kuwa kama chetu. Wajukuu wao wanaketi kati yetu kila Jumapili, na baadhi yao hata hawajui kwa nini jina la babu lilikuwa la Kikongo. Kama nyumbani kwako kuna mzee anayejua, mketi naye kabla mvua za mwisho wa mwaka hazijaanza, aseme majina, aseme zaburi alizopewa, mtoto mmoja aandike katika daftari.

Kwa juma la tarehe 12 Oktoba wazee wamepanga sala ya asubuhi saa kumi na moja, kila siku. Jumatatu tutaanza na Danieli sura ya sita, Jumanne Matendo sura ya kumi na sita, Jumatano Yona ya kwanza. Siku nyingine zitatangazwa. Kila mmoja aisome sura nyumbani usiku uliotangulia, polepole, wenye kujua kusoma wakiwasomea wasiojua, na akifika asubuhi aje na mstari mmoja kichwani, maana daftari na Biblia zitaachwa mlangoni pamoja na viatu.